Kwata ya Kugawanya kwa Tatu

Nilikuwa nimelala kifudifudi kwenye kiwanja cha shule ya Midia, buti la askari shingoni, chaki imesagika mkononi. Watoto wangu thelathini na saba wamesimama watatu watatu, mabua ya mtama begani, wanangoja amri yangu. Amri gani tena? Hata shingo haikuwa yangu.

Askari akamwuliza hedimasta, "Hii mutu iko mwalimu yako?"

Hedimasta akaniangalia kama mavi ya mbuzi kwenye mlango wa jirani. "Hapana, afande. Mimi hapana jua yeye. Iko napita tu."

Napita tu! Na asubuhi ile ile alikuwa amekunywa chai kwangu, vikombe viwili.

Mwaka wa sabini na tisa tulikimbilia Sudan, kwa sababu baba zetu walivaa magwanda ya jeshi la serikali iliyoanguka. Tuliporudi, kwetu Koboko kulikuwa majani na kuta bila mabati. Shule ikafunguliwa, walimu hakuna, basi mimi niliyeishia darasa la sita nikawa msomi. Hedimasta akanipa darasa la nne na daftari tupu la kupanga masomo. "Nakili yangu tu," akasema. Nikalisoma daftari lake. Hatua ya kwanza: mwalimu ataeleza. Hatua ya pili: watoto wataelewa. Kuelewa kumepangiwa dakika tano, halafu kengele.

Nilinakili wiki mbili. Watoto walilala mpaka wakakoroma, na kugawanya kukawashinda kabisa. Nikajiuliza, hawa wanajua nini tayari? Watoto wa askari hawa! Hesabu hawajui, lakini kwata, gwaride la jeshi, wanaijua tangu tumboni. Nikapanga upya: watoke nje, wasimame watatu watatu, wahesabu mistari. Atakayebaki peke yake ndiye afande, yeye atatoa amri, "Sasa saba saba!" Kila mmoja na bua la mtama begani, tukimaliza tunapimia kiwanja. Hedimasta alisoma daftari langu, akacheka, akaandika humo kwa kalamu nyekundu: Nimekubali. Akatia sahihi.

Wiki haikuisha, darasa zima linagawanya. Kubaki kukawa cheo, wakakipigania. Hata mwenye malaria alikuja akitetemeka. Na asiyeelewa nilimwona hapo hapo, anazunguka anatafuta mstari, namshika mkono tunahesabu pamoja.

Kitu kimoja sikukipanga. Serikali ilikuwa mpya, askari wageni wanapita barabarani, na wanasikia amri kwa Kiswahili cha jeshi la zamani, wanaona fimbo mabegani kama bunduki. Mimi mtoto wa sajini sikuona ubaya. Kwetu kwata ilikuwa bembelezi ya watoto.

Siku ile aliyebaki alikuwa msichana mdogo wa kijiji cha Abuku. Akamwambia yule mwenye buti, "Afande, toka kwa mistari. Unaharibu hesabu."

Mwenzake akacheka. Nadhani ndiyo maana sikupigwa risasi. Lakini nilifungwa kwenye kambi ya jeshi Arua miezi minne, na kila siku nilisema, leteni daftari, sahihi imo. Halikuja. Hedimasta alimwambia mke wangu, "Mama, ile kitu imepotea." Nilipotoka, darasa lina mtu mwingine, na mimi nikaenda kushona viatu mtaa wa Awindiri.

Miaka ikapita. Binti yangu alikuwa anasomea ualimu, akarudi siku moja kutoka semina.

"Baba, mzee mmoja katufundisha kugawanya kwa kupanga watoto watatu watatu. Anayebaki anakuwa mkubwa. Anasema amevumbua mwenyewe. Ana daftari kuukuu, anasoma humo."

"Mwandiko ukoje?"

"Mbaya, baba. Kama wako."

Yule askari simlaumu sana, aliona alichoona. Wewe hedimasta ndiwe ninayekutaja, mwenye kalamu nyekundu. Somo lifundishe, watoto wafaidi. Lakini njoo hapa Awindiri, ukae kwenye kiti hiki cha wateja, mbele ya mke wangu na binti yangu, uniambie: miezi minne ile, daftari lilikuwa wapi?