Ubao wa Dada

Jana sokoni Kibondo nilimpita kijana akipaka mawese gurudumu la toroli la mbao. Harufu ile ikanirudisha kwenye kiwanja cha shule yetu.

Dada yangu, niliyesoma naye darasa moja, hakuwa na nguvu miguuni. Alitembelea ubao wenye magurudumu manne aliyoyapaka mawese kila asubuhi, akijisukuma kwa mikono. Siku moja mwalimu wa michezo akatuletea vibao kama ubao wake ili tushindane. Dada alikuwa wa kwanza kufika mstarini, akicheka.

"Leo mtauona mgongo wangu tu, nyie wenye miguu!"

Mwalimu akamwinua, akamweka kwenye majani. "Wewe umeshazoea, utawaonea wenzako. Na vibao havitoshi."

Ubao wake akanipa mimi. Nikaukalia, nikajisukuma, nikashinda, na darasa zima likanipigia makofi.

Nilimrudishia ubao, akaupanda. Tulipotoka getini ndipo akaniambia, "Mdogo wangu, ungesema tu kwamba ni wangu."

Kisha akateremka mlima wa kwenda nyumbani peke yake, kwa kasi ambayo hakuna yeyote kati yetu angeiweza.