Nilivyomfumbua Marehemu Macho

Sina uso wa kurudi kijijini kwetu Munje. Mimi, fundi wa kompyuta katika studio ya picha pale Ukunda, niliyejiona bingwa wa pwani nzima, acheni niwaeleze nilivyoumbuka.

Bi Mwanasha, jirani yetu wa Munje, alikuwa amefiwa na mumewe. Arubaini ilipopita, aliniletea kadi ya zamani yenye picha mbili za marehemu. Mtalii alimpiga ya kwanza, akasogea kidogo, akampiga ya pili, ili zikitazamwa pamoja kwa miwani maalumu mzee aonekane kama yuko mbele yako. Miwani ilishapotea.

"Usijali, mama," nikamwambia. "Kompyuta itamtikisa, umwone hata bila miwani."

Nikaunganisha jicho kwa jicho, mdomo kwa mdomo, na programu ikawa inaigeuza picha moja kuwa nyingine. Katika ya pili mzee alikuwa amepepesa macho, ameyafumba. Nikafurahi kama mwehu: kumbe atafumba na kufumbua! Nikapunguza kasi, watu wasikose utamu.

Bi Mwanasha alikuja na wanawe. Wateja waliongoja picha za pasipoti nao wakasogea. Mzee akafumba macho taratibu. Akafumbua. Akafumba tena.

Mimi nangoja sifa.

"Mwanangu," akasema Bi Mwanasha, akiniinulia kiganja, "macho hayo niliyafumba kwa mkono huu alipokata roho. Mbona wamfumbua?"

Nikapapasa vitufe nimsimamishe. Mzee akafumbua tena.