Kofia Iliyomzidi Ami Twahir

Harufu ya kanji ya kukazia kofia inapochemka hunirudisha mtaa wa Kibokoni, nina miaka kumi na mmoja, nimekaa ghorofani kando ya dirisha na kitambaa cha bafta nyeupe mapajani. Mama alikuwa amefariki, na ami yangu Twahir, ndugu wa baba, akanichukua kwake. Nasema wazi, na kwa jina namtaja: Twahir ndiye aliyenitoa shule darasa la nne ili nishone kofia za kuuza. Mkewe, Bi Rukia, alinitupia kitambaa kipya kabla sijamaliza cha kwanza. Kofia ya mkono haina haraka. Unachora nakshi kwa penseli, unatoboa tundu, unalizungushia uzi, unahamia la pili, mpaka vidole vinaota sugu. Kazi hiyo wao waliiita mchezo. Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi.

Lakini msinionee huruma sana, kwa maana Ramadhani ya mwaka ule nilicheka kuliko miaka yote iliyofuata. Mimi na Nuru, binti yao wa rika langu, tulikuwa tukiota mchana macho wazi. Kila kofia niliipa mtu wa kuivaa: hii ya nahodha wa meli kubwa, hii ya bwana harusi wa Nuru, mwenye meno mazuri. Nami katika ndoto hizo nilikuwa na duka langu mtaa wa Bondeni, ubao mlangoni umeandikwa jina langu kwa rangi ya kijani.

"Na mimi nitafanya nini dukani kwako?" Nuru akiuliza.

"Utakula kashata na kuitikia salamu."

"Basi fungua kesho, mwenzangu!"

Mwezi ulipofika kati, ami alitaka kofia yake ya Idi. Nikamwomba nitie nakshi niliyoibuni mwenyewe, ya maua ya kilua. "Na ikipendeza, ami, utawaambia wazee barazani kuwa ni kazi yangu?" Akasema, "Inshallah, mwanangu." Nikalishika neno lile kama mtu ashikavyo kamba kisimani. Sikutaka kingine: jina langu litajwe mara moja tu mbele za watu. Nikachora. Na nilipokuwa nikichora, nikamwona kadhi mmoja wa ndotoni anaingia dukani kwangu, kichwa kikubwa kama tikiti kwa wingi wa elimu. Nikampimia yeye. Uzi wa kipimo cha ami, wenye fundo lake, nikausahau chini ya mkeka.

Asubuhi ya Idi ami akajivika. Kofia ikapita nyusi, ikateremka, ikasimama puani.

"Mume wangu," Bi Rukia akasema, "hiyo ni kofia au kawa la kufunikia wali?"

Nuru alianguka kwa kicheko. Ami aliivua akaitupa chini, na alikuwa amekwisha kuinua mkono anizabe kibao, ndipo tukasikia hodi. Alikuwa Maalim Badi, jirani, ambaye ukubwa wa kichwa chake mtaa mzima uliujua, maana hakuna duka lililokuwa na kofia ya kumtosha. Akaingia, akaiokota ile kofia, akaivaa. "Subhanallah, imenikaa! Miaka yote nafunga kilemba, kumbe kofia yangu iko huku!" Wakashuka nayo barazani, nami nikakimbilia dirishani. Wazee wakauliza ni mkono wa nani ule. Twahir akajibu bila haya, "Kazi ya mke wangu hiyo."

Nikatoa kichwa nje. "Si kweli, ami! Ni yangu mimi, Mwanasiti!"

Wazee wakageuza shingo. Kisha Maalim Badi akatazama juu, ameishika kofia isianguke. "Mwanasiti, mikono yako idumu!" Wazee wakacheka kwa furaha, mmoja akapiga makofi. Bi Rukia alinivuta kwa sikio, Twahir akalipigilia dirisha misumari, na shule sikuirudia tena. Lakini maji yakimwagika hayazoleki: jina langu lilikuwa limekwisha kushuka mtaani.

Leo picha za kofia zangu zinakwenda kwa simu hadi nchi nisizoweza kuzitamka, na jina langu chini yake. Macho yamepungua, vijana wanavaa kofia za mashine, na duka la Bondeni mpaka sasa sijalifungua. Wanangu waniambia, "Mama, pumzika." Nipumzike niende wapi? Kila nikishika sindano naliona lile duka, na siku hizi nimeliongezea ghorofa. Twahir alikufa akijisifu kwamba alinikalisha kitako nyumbani kwake miaka saba. Hakujua, maskini, kwamba hata siku moja sikuwamo.