Fundi Anayekataa Kunyoosha Magurudumu

Tsevelmaa amepiga magoti katika karakana moja ya Ulaanbaatar, mkono mmoja juu ya gurudumu la mbele la kushoto, mwingine chini. Analisukuma, analivuta. Ndani kunagonga: ko, ko.

"Silinyooshi," anasema.

Mwenye gari, Gankhuyag, anacheka. "Dada, sikuja kuposa hata unikatae! Gari linavuta kushoto. Ninyooshee magurudumu nimpeleke mama mkoani Arkhangai."

"Boljointi, kile kiungo kinachoshikilia gurudumu, imekwisha, kaka. Nikikunyooshea, usukani utatulia, utadhani limepona. Kisha gurudumu litang'oka mlimani."

Ugonjwa huo Tsevelmaa, mwenye umri wa miaka arobaini na minane, anaujua mno. Magari makuukuu yaliyotoka Japani yana usukani kulia, nayo barabara za hapa ni za kupita kulia. Dereva huketi ukingoni.

"Mnalikwepesha gurudumu mlilolikalia," anamsuta Gankhuyag. "La kushoto mnaliachia mashimo yote. Lina kosa gani?"

Tsevelmaa hulipwa kwa kila gari analolinyoosha. Analolikataa halimpi hata tugrik moja.

Mwenye karakana, Purevdorj, anatokeza kichwa ofisini. "Tsevelmaa! Mteja ametaka kunyooshewa, nyoosha! Ukimkataa na huyu, kesho usije."

Tsevelmaa haondoki gurudumuni. Anamwita mama yake Gankhuyag, Bi Dulamsuren, aliyesimama kando na birika la maziwa ya kunyunyizia magurudumu kwa baraka safari itakapoanza.

"Mama, tafadhali shika hapa. Mimi nasukuma."

Ko, ko.

Bi Dulamsuren anauondoa mkono upesi. "Gankhuyag! Hili ndilo ulilotaka kunipandishia milima?"

"Mama, linavuta kidogo tu…"

"Kidogo? Maziwa yangu hayamwagikii gurudumu hili. Nenda kanunue hicho kiungo, nami nitakaa papa hapa na huyu binti."

Gankhuyag anaondoka kuelekea soko la vipuri, akinung'unika. Purevdorj anaubamiza mlango wa ofisi. Neno lake hajalifuta.

Tsevelmaa anafungua nati za gurudumu bila haraka. Kesho atakuja, anasema, na atakayemfukuza amfukuze mbele ya wateja. Nyuma ya soko hilo kuna kontena tupu linalopangishwa. Ameshaliulizia liwe karakana yake, na jeki anayo.

"Ubaoni nitaandika kwa herufi kubwa: HAPA TUNAKATAA MAGARI," anasema. "Wenye mama watakuja."