Kizibo na Tundu la Nyuma ya Jiko

"Mjomba, mbona kazini unaziba matundu kwa sufi, na hapa nyumbani kwa povu?"

Nilikuwa darasa la tatu. Mjomba, ambaye mtaa mzima unamwita Kizibo, alinitazama kama vile nimemtukania ukoo, kisha akanituma maji ya kunywa. Glasi yake ilikuwa imejaa pomoni.

Kazi yake ni kuziba. Mafundi wa bomba na umeme wakishatoboa kuta za maghorofa, yeye huwafuata nyuma na kujaza upenyo uliobaki, ili moto wa chumba kimoja usiende kutembelea cha pili. Huko hutumia sufi ya mawe, yaani mawe yaliyoyeyushwa yakavutwa nyuzinyuzi. Haiungui, haiozi, ila inawasha kama upupu. Huishindilia mpaka kidole kisipenye, maana ikilegea moshi hupita, halafu hupaka gundi nzito juu yake. Huko pia kuna mkaguzi mwenye tochi, na mjomba humheshimu mkaguzi kuliko anavyomheshimu mkewe.

Nyumbani hakuna mkaguzi. Kuna kopo la povu. Unabonyeza, povu linatoka kama maziwa yanayofurika, linavimba, linakauka, unapunguza kwa kisu, umemaliza. Na tusimwonee mtu: kwa upepo, vumbi na mende, povu halina mpinzani. Mjomba alizibia madirisha, sinki, hata shimo la panya. Fremu ya mlango wa choo aliijaza kwa ukarimu uliopitiliza, povu likavimba likaubana mlango, na mkewe akashinda humo asubuhi nzima akimmwagia sifa zake zote kupitia tundu la ufunguo.

Tundu lililomnyima mkewe raha, lakini, lilikuwa nyuma ya jiko, pale bomba la maji linapopenya kwenda chumbani kwa bibi, mama mzazi wa mjomba. Kwa magoti ya bibi, kutoka kitandani hadi mlangoni ni safari ya kufungashiwa chakula. Mke wa mjomba aliomba tundu lile lizibwe kwa sufi. Mjomba akasema hawezi kumpelekea mama yake muwasho kitandani, akalijaza povu. Mtoto mwenye huruma, jamani.

Mwaka huu mafuta ya kukaangia yakashika moto. Mke wa mjomba akafunika sufuria, akafunga gesi, tukashusha pumzi. Kumbe ulimi wa moto ulishalionja povu. Likaungua kimyakimya ndani ya ukuta, moto ukatokea upande wa pili na moshi mweusi, juu kidogo ya mto wa bibi. Mjomba alimbeba mama yake mgongoni hadi uani, akarudi mbio na ndoo.

Moto ulipozimika, bibi alikuwa ameketi juu ya beseni lililopinduliwa, masizi hadi kwenye kope.

"Nyumba za watu unaziba, mwanangu," akasema taratibu. "Yangu ulifunika tu."



Jioni ileile alilala kifudifudi nyuma ya jiko, akikwangua povu lililoungua, akishindilia sufi, akijikuna hadi shingoni. Mkaguzi hakuwepo. Nikachuchumaa kando, nikamuuliza tena lile swali langu la darasa la tatu. Safari hii hakunituma maji. Aliijaribu sufi kwa kidole, kidole kikagoma kupenya.

"Nilidhani moto unamjua mwenye nyumba," akasema.