Programu Iliyorudi Zizini

Juzi nilikuwa kwa fundi kompyuta hapa Sumbawanga, nasubiri chaja yangu, akaingia mama mmoja mfugaji, katibu wa kikundi chao huko Kasense, laptop ameifunga kwenye kanga. Kesho yake alitakiwa kuwasomea wafugaji na wakulima makubaliano yao ya malisho. Lakini kila akianza kuyaandika, programu ya kampuni iliyotengeneza mashine inaruka katikati ya skrini kumkaribisha.

Fundi akaifuta, akawasha upya. Ikamkaribisha. Akaifuta tena, safari hii akibonyeza kama anayeua chawa. Ikarudi.

"Mama, hii ina kichwa kigumu."

"Haina," mama akasema. "Ng'ombe ukimuuza kijiji cha jirani, anarudi zizi la zamani. Humpigi. Unauliza nani anamfungulia."

Fundi akacheka. Halafu akaacha kucheka, akaingia kwenye mipangilio, akakuta Windows imeruhusiwa kupakua yenyewe programu za watengenezaji. Akakataza, akafuta, akawasha. Kimya.

"Imekwisha, mama. Nenda nayo."

Mama akavuta stuli, akaketi, macho kwenye skrini. "Nasubiri jioni. Ng'ombe aliyeuzwa hurudi jioni, wenzake wakiingia zizini."

Nilikuwa nimeshajiandaa kucheka. Lakini fundi, mwenye vyeti vitatu ukutani, aliangalia saa yake, akanyanyuka taratibu, akaenda kufunga mlango, kama anayefunga zizi kabla ng'ombe hajarudi.