Shati la Mgombea Kwenye Meza ya Mama Mstari

Mimi na Mama Mstari tunagawana kibaraza kimoja. Upande wangu viatu, upande wake nguo, na katikati ndoo ya maji ambayo ikiwa tupu kila mmoja anadai ni ya mwenzake. Alikuwa mke wa rafiki yangu, Mungu amrehemu, kwa hiyo ananiita shemeji, na kwa haki hiyo ananisema anavyotaka. Jina la Mama Mstari amepewa na wateja. Suruali ikitoka mezani kwake ina mstari mmoja kwa mbele, kutoka kiunoni hadi chini, na mstari huo haupotei hata ukikaa ofisini kutwa. Mimi ni mgumu wa kusifu, muulize yeyote, lakini hilo nalikubali.

Pasi yake ni ya mkaa. Ya umeme anayo, alizawadiwa na binamu yake, imekaa kabatini ndani ya boksi lake. Anasema haina uzito. Hunyunyiza maji kwa vidole, huvuta kitambaa kikakaa sawa, kisha hushusha pasi mezani kwa kishindo kidogo. Nyuma ya pazia, chumbani, anakaa mama yake mzazi ambaye macho yamekwisha. Bibi huyo huifuata siku kwa kusikiliza vishindo. Pasi ikigonga anajua kuna kazi, na kukiwa na kazi anajua watakula. Meza ile ndiyo inayowalisha wote wawili, hawana nyingine.

Sasa akatokea Mgombea. Si mtu mbaya. Amekulia papa hapa mtaani, na mimi nimeshona viatu vyake tangu alipokuwa karani. Tatizo ni mdomo, hauna breki. Siku moja asubuhi alikuwa redioni, mtangazaji akamwuliza atafanya nini kuhusu bomba lililopasuka nyuma ya soko, maana watu wanaruka madimbwi huku nyumbani mabomba makavu. Mtu mwingine angesema nitalishughulikia, akaenda zake. Yeye akataka kutuchekesha.

"Ndugu mtangazaji," akasema, "shida za watu ni kama mikunjo ya shati. Pasi ya nini? Vaa tu, tembea, itanyooka yenyewe."

Nikakiweka chini kiatu nilichokuwa nacho. Mama Mstari alikuwa kwenye kola, hakusimama hadi alipoimaliza.

"Huyo," akasema, "mashati yake nayapiga pasi mimi."

Kesho yake kinyozi wa ng'ambo ya barabara alifungua duka akiwa amevaa shati utadhani limetafunwa na ng'ombe. Mteja wa kwanza akamwuliza kulikoni.

"Nimevaa, natembea," kinyozi akajibu. "Nangoja linyooke."

Basi, mtaa ukapata shughuli. Mwalimu akaenda shuleni na suruali imekunjamana mpaka magotini. Wauguzi wa zahanati, watu tuliozoea kuwaona safi kabisa, wakavaa sare zilizotoka moja kwa moja kwenye beseni. Mwenye nyumba akiambiwa paa linavuja, anasema lala tu, litakauka lenyewe. Mke wa muuza mbao alimwambia mumewe akae mezani asubiri, chakula kitaiva chenyewe, na mwanamume yule akasubiri kweli, akidhani ni utani wa dakika chache. Mimi nami shati langu la bluu nililivaa bila pasi, na nilijiona shujaa. Sikuwa nimecheka vile kwa muda mrefu.

Kila aliyepita kibarazani alimpungia Mama Mstari mkono.

"Tuko pamoja nawe, mama. Ametutukania dobi wetu."

"Ahsanteni," anasema, na yeye anacheka. Walikuwa wanafanya kwa ajili yake, angewaambia nini?

Lakini meza ilikuwa tupu. Mwanzoni alikunja upya nguo zilizokwisha kukunjwa. Baadaye akapiga pasi mapazia ya chumbani, halafu kitambaa cha meza yenyewe. Kisha nikamsikia mama yake akiuliza kutoka nyuma ya pazia, "Mwanangu, mbona pasi haigongi?"

"Mkaa una unyevu, mama."

Mkaa ule ulikuwa mkavu, gunia lake limeegemea kiti changu. Nilisikia, nikainamia kiatu changu. Utani ulikuwa mtamu mno, na mimi sikutaka kuwa mtu wa kuuharibu.

Siku ya mkutano mkubwa wa Mgombea, dereva wake akaleta shati jeupe limeviringishwa kwenye gazeti. Alilishusha mezani bila kututazama usoni, akasema atalifuata mchana. Kabla gari halijakata kona kinyozi alikuwa ameshavuka barabara na kitana chake mkononi.

"Mama, Mungu amekuletea mwenyewe," akasema. "Iache pasi ikae pale mgongoni. Kidogo tu, ipige muhuri."

"Mgongoni hataona," nikaongeza mimi. "Tutaona sisi."

Mama Mstari alikuwa anapepea mkaa. "Mkono wangu haujazoea kuharibu," akasema. "Na leo hili ndilo shati pekee nililoletewa."

Tukacheka wote wawili, kinyozi na mimi, kwa sababu siku zile kila kitu tulikipokea kama kichekesho. Yeye akashusha pasi. Alilipiga lile shati taratibu kuliko kawaida, mikono, mabega, nafasi ndogo zilizo kati ya vifungo ambazo hakuna anayeziangalia. Chumbani mama yake akaanza kuimba kwa sauti ya chini. Shati lilipokamilika lilisimama wima kwenye kiango cha nguo utadhani kuna mtu ndani.

Alasiri tukaenda uwanjani, mtaa mzima, tumekunjamana kuanzia kola hadi pindo. Mama Mstari akabaki. Mgombea akapanda jukwaani, na laiti ninyi mngekuwepo. Katika uwanja ule wote mtu aliyenyooka alikuwa mmoja tu. Kabla hajasema neno, watu wakaanza kucheka, kwanza huku mbele, halafu kicheko kikasambaa hadi kwenye uzio. Alijitazama vifungo, akatazama suruali, hakuelewa. Kinyozi akasimama juu ya kiti.

"Mheshimiwa, samahani. Hilo limenyooka lenyewe?"

Nilidhani atakasirika. Akaishika kola yake, kisha nikaona naye mdomo unamcheza.

"Hapana," akasema. "Hili nililipeleka kwa dobi."

Uwanja ulilipuka. Watu wazima walikumbatiana. Tangu kampeni zianze hiyo ilikuwa kauli yake ya kwanza ambayo hakuna aliyeibishia, na baada ya hapo hata alipoahidi kulitazama bomba, watu walimsikiliza.

Nilirudi kibarazani karibu mbio, umri huu, ili niwe wa kwanza kumpa habari. Jua lilikuwa bado halijazama. Mama Mstari alikuwa ameketi nyuma ya meza, pasi imepoa, majivu ameshamwaga. Nikamsimulia yote, kiti cha kinyozi, kola, jibu. Hakucheka.

"Shemeji, umesikia lakini? Amekutaja mbele ya watu wote. Amejirudi."

"Nimesikia. Vizuri." Akapangusa meza ambayo haikuwa na vumbi. "Yeye lile neno alilisema mara moja, shemeji. Ninyi mmelivaa kila siku, mnapita nalo mbele ya meza yangu."

Nililitazama shati langu la bluu, lile la kishujaa, kola imepinda upande mmoja, nikaona aibu hadi masikioni. Chumbani kulikuwa kimya, na sufuria la jikoni lilikuwa limefunikwa kifudifudi.

Nikafungua vifungo, nikalivua shati, nikaliweka mezani.

"Unafanya nini? Hapa barabarani?"

"Nasubiri shati langu," nikamwambia. "Washa mkaa."

Akainuka, akafungua gunia. Nikarudi kwenye kiti changu na fulana yenye tundu begani, nikachukua kiatu. Watu walikuwa wanarudi kutoka uwanjani, wanachekana, na kila aliyefika mbele yetu alisimama kuuliza mzee kama mimi nimepatwa na nini.

"Shati liko kwa dobi," nikajibu. Nilijibu hivyo kwa kila mtu, bila kutabasamu.

Mwalimu ndiye aliyeelewa kwanza. Alitazama meza, akamtazama Mama Mstari, akalivua koti lake polepole na kulilaza juu ya shati langu. Kinyozi akavuka barabara akiwa tayari amebaki na fulana, shati kwapani, hana mzaha wowote. Wauguzi wakasema wanakwenda kubadilisha sare, wanarudi sasa hivi.

Mkaa ukashika. Mama Mstari akanyunyiza maji kwa vidole, akashusha pasi kwenye kola yangu.

"Ahaa," mama yake akasema nyuma ya pazia. "Mkaa umekauka."